Je, kila anayesoma AP alazimishwe kufanya mtihani wake?

Swali limetoka kwa mama mmoja anayeishi Columbus, Ohio, mzaliwa wa Bukavu, Congo, aliyepitia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, kabla ya kuhamia Marekani. Binti yake yuko darasa la 11 na anasoma masomo matatu ya AP (Advanced Placement, yaani masomo ya kiwango cha chuo yanayofundishwa sekondari): Historia ya Marekani, Biolojia, na Lugha ya Kiingereza na Uandishi. Mwezi huu wa Oktoba shule imetuma barua: kila mwanafunzi wa AP lazima afanye mtihani wa Mei, ada ni juu ya mzazi, na asiyefanya ataondolewa uzito wa ziada kwenye GPA yake, yaani wastani wa alama zake za darasani. Binti anasema mitihani hiyo haina maana na wenzake wengi wa shule nyingine hawaifanyi. Baba anasema haiwezekani mtu asome mwaka mzima halafu akimbie mtihani. "Kwetu aliyefika mwaka wa sita anafanya Examen d'État, hakuna mjadala," anaandika mama. "Huku ni lazima au si lazima? Na mimi nimuunge mkono nani?" Anaongeza kwamba nyumbani wanazungumza Kiswahili, na baba huzungumza na watoto Kifaransa.

Dada yangu, nianze na jibu, maelezo yafuate. College Board, taasisi inayotunga mitihani ya AP, haimlazimishi mtu yeyote kuifanya. Mtoto anaweza kusoma somo mwaka mzima asifanye mtihani, na anaweza kufanya mtihani bila kuwahi kukaa katika darasa la somo hilo. Lazima unayoiona kwenye barua imewekwa na shule. Kwa maoni yangu shule haina haki ya kumlazimisha mtoto mtihani ambao haiulipii, na kumfutia uzito wa alama alizozitolea jasho darasani ni kosa. Hata hivyo, ningekuwa mzazi wa binti huyo ningetaka afanye Historia na Kiingereza, Biolojia tungekaa tuijadili, na upo mtihani wa nne ambao barua haikuutaja ambao huenda ukamfaa kuliko yote mitatu. Nitaufikia.

Baba ana sababu ya kusema anavyosema. Congo, Tanzania na Kenya, mtihani wa mwisho ndio mlango. Anayeukosa Examen d'État, ile mitihani ya NECTA ya kidato cha nne na cha sita, au KCSE, anabaki na miaka mingi ya shule isiyo na karatasi. Marekani haina mtihani wa taifa wa namna hiyo. Cheti cha sekondari binti yako atapewa akikamilisha masomo yanayotakiwa na masharti ya jimbo la Ohio, na hakuna anayenyimwa cheti kwa kutofanya AP. Vyuo vinapomchagua mwanafunzi vinaangalia kwanza alama za darasani za miaka yote, na uzito wa masomo aliyochagua, kisha insha, barua za walimu, na kwa baadhi ya vyuo SAT au ACT, mitihani ya kuombea chuo.

AP ilianza kwa kusudi dogo. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 shule chache za vijana wa familia zenye uwezo, zikiwemo Andover na Exeter, zilikaa pamoja na Harvard, Yale na Princeton kutafuta njia ya kuwazuia wanafunzi wasirudie chuoni mambo waliyokwisha kuyasoma. College Board ikauchukua mpango huo mwaka 1955, na mitihani ya kwanza chini yake ikafanyika 1956. Leo kuna masomo karibu 40, na yameenea hadi shule za mitaa ambayo waanzilishi hawakuifikiria. Lakini kusudi la kwanza halijabadilika: mwanafunzi athibitishe kwamba kozi fulani ya mwaka wa kwanza anaijua, ili chuo kimruhusu kuiruka. Anayethibitisha hilo ni mtihani. Darasa peke yake, hata ukipata A, chuo hakikupi krediti, yaani kozi hiyo haihesabiwi kuelekea digrii yako.

Hapo ndipo binti yako anapokosea. Mtihani husahihishwa kwa alama 1 hadi 5. Ohio ni miongoni mwa majimbo yaliyoweka jambo hili wazi: tangu mwaka 2009, chuo chochote cha umma cha jimbo, iwe Ohio State, Cincinnati, Kent State au Columbus State, kinatakiwa kutoa krediti kwa aliyepata 3 au zaidi. Kwa hiyo binti yako akibaki Ohio hana haja ya kuwa gwiji. Tatu inatosha kwa krediti, ingawa fani nyingine huhitaji alama ya juu zaidi ili krediti hiyo ihesabiwe ndani ya somo kuu.

Kuhusu fedha, kuna hesabu inayopigwa vibaya mara nyingi. Mzazi huambiwa kwamba kila AP ni kozi moja ya bure, yaani zaidi ya dola elfu moja zimeokolewa. Si hivyo moja kwa moja. Vyuo vikuu vingi vya umma hutoza ada ileile kwa mwanafunzi wa muda wote, achukue krediti 12 au 18. Kozi aliyoiruka haikurudishii hela mkononi muhula ule. Faida huonekana krediti zikikusanyika hadi amalize muhula mmoja mapema, au anapofika muhula mgumu wa mwaka wa tatu, labda anafanya kazi jioni, akaweza kuacha kozi moja bila kuchelewa kuhitimu. Wachumi Jonathan Smith, Michael Hurwitz na Christopher Avery walilichunguza hilo na kukuta kwamba kila mtihani unaompa mwanafunzi krediti huongeza nafasi yake ya kumaliza digrii katika miaka minne kwa pointi kama moja hadi mbili za asilimia. Ni ongezeko dogo, lakini lipo. Na kama anaota kwenda mbali, ajue mapema kwamba vyuo kadhaa vyenye jina havitoi krediti kabisa: Dartmouth iliacha kuanzia wanafunzi wa kuhitimu 2018, na Brown na Caltech vilevile hawahesabu AP kama kozi.

Sasa tuje kwenye kulazimisha. Hoja ya shule si ya kubeza, na kuna utafiti unaoitetea. Mwaka 2004 Saul Geiser na Veronica Santelices wa Berkeley walichukua kumbukumbu za wanafunzi wa Chuo Kikuu cha California wakauliza: kati ya idadi ya masomo ya AP aliyosoma mtu sekondari na alama alizopata kwenye mitihani yake, kipi kinatabiri atakavyofanya chuoni? Idadi ya masomo, ukiondoa tofauti nyingine kati ya wanafunzi, haikuwa na uhusiano wa maana na maendeleo yao chuoni. Alama za mitihani zilikuwa na uhusiano mkubwa. Kwa lugha nyepesi, kukaa katika darasa lenye jina la AP hakumsaidii mtu. Kinachosaidia ni kuijua kazi kwa kiwango kinachopimwa na mtu wa nje. Mwalimu anayejua kwamba darasa lake zima litapimwa Mei hafundishi kama mwalimu anayejua hakuna atakayemuuliza. Na mtoto anayejua anaweza kujiondoa huanza kulegea Februari. Nimewaona wengi wa namna hiyo, watoto wenye akili nzuri kabisa.

Hoja hiyo naikubali, tena kwa moyo wote. Ninachokikataa ni mzigo kuwekwa upande mmoja.

Tazama walichofanya Dallas kuanzia mwaka 1996. Shule kumi za mji ule, ambazo wanafunzi wake wengi walikuwa Waafrika Wamarekani na Walatino wa familia za kipato kidogo, ziliingizwa kwenye mpango ulioligeuza jambo hili juu chini. Badala ya kumtoza mtoto, alilipwa: kati ya dola 100 na 500 kwa kila mtihani aliopata 3 au zaidi. Walimu walipewa mafunzo na bonasi, na wanafunzi wakapata vipindi vya ziada. Mchumi Kirabo Jackson alifuatilia matokeo kwa miaka. Waliofanya mitihani waliongezeka, walioingia chuo waliongezeka, waliobaki chuoni bila kuacha waliongezeka, na baadaye hata vipato vyao vilionekana kupanda. Kilichowabadilisha watoto wale kilikuwa shule iliyowekeza kwao kuanzia kwa mwalimu hadi siku ya mtihani, na mtihani ukaja kama hatua ya mwisho ya kazi hiyo.

Upande wa pili upo utafiti wa Dylan Conger na wenzake. Wao walizichukua shule zilizokuwa ndiyo kwanza zinaanzisha AP za sayansi, wakachagua kwa kura wanafunzi watakaopewa nafasi, na wakawalinganisha na wasiopewa. Zilionekana dalili kwamba waliosoma AP waliongeza ujuzi wa kisayansi. Lakini pia walikuwa na msongo mkubwa zaidi, alama zao za darasani zilishuka, na imani yao kwamba wanaweza kumaliza kozi ya sayansi chuoni ilipungua. Hilo la mwisho linanihuzunisha kila ninapolifikiria. Mtoto ameingia kwenye Biolojia akitaka kuwa muuguzi, anatoka akiamini sayansi si yake, kumbe tatizo lilikuwa shule changa kwenye somo, mwalimu ambaye naye ndiyo mara yake ya kwanza kulifundisha.

Utajiuliza, basi kwa nini shule zilazimishe? Baadhi kwa nia njema kabisa, kwa hoja niliyoieleza. Lakini kuna sababu nyingine ambayo mzazi aijue. Mwaka 1998 jarida la Newsweek lilianza kuchapisha orodha ya shule bora za Marekani kwa kipimo kilichobuniwa na mwandishi Jay Mathews: chukua idadi ya mitihani ya AP na mingine ya aina hiyo iliyofanyika shuleni, gawa kwa idadi ya wanaohitimu. Haikujalisha wamefaulu au wamefeli. Kilichohesabiwa ni waliokaa kwenye kiti. Mathews alikuwa na sababu yake, alitaka shule zifungue milango kwa watoto waliokuwa wakizuiwa, na kwa hilo nampa heko. Lakini kipimo cha namna hiyo kilizipa shule sababu ya kutaka kila mtoto aonekane kwenye chumba cha mtihani, awe ameandaliwa au la. Hata leo U.S. News, inayopanga shule kila mwaka, hutumia ushiriki na ufaulu wa AP kama sehemu ya hesabu zake. Shule yako huenda haina nia hiyo hata kidogo. Swali la kuipima ni moja tu: kati ya waliofanya mtihani mwaka jana katika kila somo, wangapi walipata 3 na kuendelea? Shule inazo hizo takwimu kwa kila mwalimu. Zinafika Julai.

Ukweli mwingine shule hizo hazikosei kuusema: kufanya mtihani na kufeli hakumdhuru mtoto kama wazazi wengi wanavyoogopa. Alama ya AP haiingii kwenye GPA. Wakati wa kuomba chuo mwanafunzi mwenyewe ndiye anayejaza alama zake, na kwa vyuo vingi anaweza kutaja ile 4 akaiacha ile 1. Kwa binti yako aliye darasa la 11, matokeo ya Julai yatakuja kabla hajaanza kutuma maombi, kwa hiyo yakiwa mazuri yatamsaidia. Mwakani akiwa darasa la 12 mambo yatakuwa tofauti. Matokeo ya mwaka huo hutoka vyuo vikiwa vimeshamkubali au kumkataa, na kazi yake itakuwa krediti peke yake. Ndiyo maana wanafunzi wengi wa mwaka wa mwisho huingia mtihani wa AP kwa uvivu. Wanajua chuo walichochagua kitawapa au hakitawapa kitu.

Kuhusu kufuta uzito wa GPA, niseme bila kuzunguka. Uzito huo, ule wa kufanya A ihesabiwe 5 badala ya 4, hutolewa kwa sababu somo ni gumu: vitabu vizito, insha za kila wiki, maabara. Binti yako anaifanya kazi hiyo kuanzia Agosti hadi Mei. Kuikata kwa sababu mama yake hakuwa na dola za ada ni kumwadhibu kwa umaskini wa nyumbani. Shule nyingi zina sharti kama hilo na zina mamlaka ya kujiwekea taratibu za alama, kwa hiyo sikuahidi kwamba mtashinda mkibishana. Lakini barua iliyoandikwa na mtu wa ofisi si lazima iwe sera iliyopitishwa na bodi ya elimu ya wilaya. Omba kwa maandishi uonyeshwe sera hiyo, na uulize inamtendeaje mtoto ambaye familia yake haiwezi kulipa. Andika kwa Kiswahili ukitaka; shule za umma zinawajibika kukutafutia mkalimani bila malipo, na usikubali binti yako awe ndiye anayekutafsiria kikao kinachomhusu mwenyewe.

Ada yenyewe ilikuwa dola 99 kwa mtihani mmoja mwaka 2025. Mitatu ni karibu 300, na kwa familia inayolipa kodi ya nyumba Columbus hiyo si hela ndogo. Kama watoto wako wanastahili chakula cha shule cha bure au cha bei nafuu, binti yako anastahili punguzo la College Board, ambalo mwaka huo lilikuwa dola 37 kwa kila mtihani, na baadhi ya shule na majimbo huongeza juu yake hadi mtoto asilipe chochote. Punguzo halijitokezi lenyewe. Mshauri wa wanafunzi au mratibu wa AP wa shule ndiye anayeweka alama kwenye jina la mtoto, na kama fomu ya chakula haikujazwa kwa sababu shule nzima inakula bure, mara nyingi jina lake halionekani kwenye orodha. Hapo familia zetu nyingi hupotea. Nenda ukaulize kwa jina lake.

Sasa masomo yake, moja moja.

Historia ya Marekani inatisha kwa urefu: saa tatu na dakika 15. Maswali 55 ya kuchagua, matatu ya majibu mafupi, kisha insha mbili. Insha ya kwanza ndiyo moyo wa mtihani, peke yake inabeba robo ya alama. Mtoto anapewa nyaraka saba, labda kipande cha hotuba, katuni ya gazeti la zamani, barua ya mkulima, jedwali la takwimu, na saa moja. Dakika 15 za kwanza ni za kusoma. Anatakiwa ajenge hoja yake, atumie nyaraka kuitetea, aeleze angalau kwa baadhi yake nani aliandika na kwa nini, kisha alete jambo moja la nje ambalo halimo kwenye nyaraka. Wanaodhani mtihani huu ni wa kukariri tarehe hushangaa. Mtoto aliyehama nchi, aliyewahi kusikia habari moja ikisimuliwa kwa namna tatu na watu watatu, mara nyingi anaelewa haraka swali la "nani anasema hili na anataka nini". Kinachowaangusha watoto wetu hapa ni mwendo wa kusoma. Wiki mbili kabla ya mtihani ni kuchelewa. Aanze Januari, kila Jumamosi insha moja kwa saa ya ukutani. Maswali ya miaka iliyopita na insha za wanafunzi zilizosahihishwa College Board wameyaweka wazi bure.

Kiingereza nacho ni insha, tatu, zinazobeba asilimia 55 ya alama. Ningemsihi afanye, hata kama alama yake darasani ni B. Kozi ya uandishi ya mwaka wa kwanza inatakiwa karibu kila chuo na kila fani, kwa hiyo krediti yake haipotei, awe muuguzi, mhandisi au mwalimu. Mitihani hii miwili tangu 2025 inafanywa kwenye kompyuta kupitia programu ya Bluebook, na insha zinachapwa. Nimeshangazwa na jinsi wazazi na hata walimu wanavyolipita jambo hili. Mtoto anayefanya kazi zake za nyumbani kwenye simu atachapa polepole, na hoja nzuri itabaki kichwani muda ukiisha. Aombe laputopu ya shule aje nayo nyumbani, aweke programu hiyo, afanye mazoezi ndani yake.

Biolojia nasitasita. Maswali 60 ya kuchagua, sita ya kuandika, na mengi yanadai asome grafu na kueleza jaribio alilolikuta kwa mara ya kwanza pale pale. Hapa inategemea mwalimu kuliko masomo mengine. Ukiambiwa kwamba mwaka jana wengi wa darasa hilo walipata 1 na 2, na binti yako mwenyewe hajafanya maabara za maana hadi sasa, basi tatizo si lake, na ada hiyo ina matumizi bora. Tena kama anataka udaktari au uuguzi, vyuo na programu nyingi za afya hupendelea Biolojia isomwe chuoni hata kwa mwenye AP. Wengi wa darasa wakiwa wanapata 3 na 4, aingie.

Mtihani wa nne ni Kifaransa. Umesema baba huwazungumzia watoto Kifaransa. AP ya Lugha na Utamaduni wa Kifaransa haimtaki mtoto awe amekaa darasani. Anajiandikisha kupitia mratibu wa shule yake, na kama shule hiyo haitoi mtihani huo, kupitia shule nyingine inayoutoa. Hadi sasa kuna kusoma, kusikiliza, kujibu barua pepe, insha ya hoja, mazungumzo ya kuigiza, na mwisho dakika mbili za kulinganisha jambo katika jamii yako na jamii inayozungumza Kifaransa. Bukavu ni jamii inayozungumza Kifaransa. Mtoto wa Kimarekani aliyesoma lugha hiyo miaka minne atazungumzia Paris aliyoiona kitabuni. Binti yako ana shangazi, soko, kanisa na ziwa Kivu. Udhaifu wake, kama alivyo mtoto yeyote aliyeijua lugha kwa masikio, utakuwa kuandika: viambishi vya vitenzi, alama juu ya herufi. Baba amfundishe hilo, dakika 20 kila jioni kuanzia sasa. Sioni wazazi wetu wakiutumia mtihani huu, na watoto wa Kongo na Burundi wamejaa Ohio. Kiswahili hakina mtihani wa AP, ila Ohio huweka kwenye cheti cha sekondari muhuri wa lugha mbili kwa mwanafunzi anayethibitisha kumudu Kiingereza na lugha nyingine, na vipimo vya Kiswahili vinavyokubalika vipo. Muulize mshauri habari za muhuri huo siku ileile.

Kwa mwakani, kabla hamjajaza tena masomo ya AP, angalieni College Credit Plus. Huo ni mpango wa Ohio wenyewe: mwanafunzi wa sekondari anasoma kozi halisi ya chuo, Columbus State kwa mfano, na kwa mwanafunzi wa shule ya umma katika chuo cha umma ada na vitabu havimgharimu. Krediti hutokana na kufaulu kozi ya muhula mzima, hakuna asubuhi moja ya Mei inayoamua kila kitu. Na sheria ya jimbo inataka kozi hiyo ipewe uzito uleule wa GPA kama AP ya somo hilo inapewa. Hatari yake ni kwamba alama inaandikwa kwenye kumbukumbu za chuo na inabaki huko maisha yake yote. F ya darasa la 12 itamfuata hadi anapoomba shule ya uuguzi, na wilaya inaweza kuidai familia gharama za kozi aliyoifeli, isipokuwa familia ya kipato kidogo. Kwa mtoto mwenye nidhamu ya kuhudhuria, mimi huipendekeza kuliko AP bila wasiwasi. Nia ya kujiunga kwa kawaida hupelekwa shuleni kabla ya tarehe 1 Aprili.

Kwa sasa muda wenu ni mfupi. Kuagiza mitihani hufungwa katikati ya Novemba, na anayechelewa huongezewa dola 40. Dola 40 nyingine hutozwa anayejiandikisha kisha asitokee, kwa hiyo msimwandikishe Biolojia kwa hofu ya barua kabla hamjapata takwimu za mwalimu. Wiki hii nenda shuleni na maswali matatu kwenye karatasi: sera ya bodi iko wapi, punguzo la ada limewekwa kwenye jina la binti yangu au bado, na mwaka jana wangapi walipata 3 katika kila somo. Baba naye aende, akasikie majibu mwenyewe. Na binti awepo kikaoni, kwa sababu Mei atakayeingia chumbani ni yeye.